Taa Iliyobaki Mlandege

Mlandege, Iringa
9 Juni 2024

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Huku tuko salama, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Bibi anaota moto tangu asubuhi na anasema ninyi wa Mbeya lazima mmeganda. Baba hajambo, bado anapasua mbao Mafinga na kurudi Jumamosi akiwa na vumbi mpaka masikioni. Vifaranga wa kwanza wa Bibi wameshakuwa kuku wakubwa, na wengine wameanguliwa wiki iliyopita. Ile taa ya gari uliyotuletea Pasaka bado inaning'inia juu yao na kuwapa joto.

Mimi nimemaliza mtihani wa kidato cha sita. Jina langu halimo katika walioitwa JKT, kwa hiyo niko nyumbani nasubiri matokeo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulisema ninanong'ona kama mtu aliye kwenye maungamo, na wewe una kelele za jenereta. Ni kweli. Kwenye karatasi angalau huwa ninamaliza sentensi.

Nimesikia habari ya moto. Baba alisema kibanda chako cha kazi kimeungua na hakuna aliyeumia, basi. Nilipouliza kuhusu Mama mdogo Juliana alianza kutafuta stesheni ya redio. Bibi alisema yuko kwao Nyololo, kisha akanituma maji wakati ndoo zote zilikuwa zimejaa. Je, Mama mdogo anaumwa? Kama anaumwa, mbona yuko kwa wazazi wake na si kwako?

Nilipokaa kwenu likizo ile, wageni walikuwa wakinicheka kwamba mnafuga bubu. Mama mdogo aliwaambia waniache, mtu aliyenyamaza naye yupo. Sijasahau. Ndiyo maana nauliza.

Barua hii nitampa kondakta kesho stendi. Itapita Nyololo kabla ya kukufikia.

Mwanao,
Evarista


Uyole, Mbeya
23 Juni 2024

Evarista mwanangu, kamwene.

Barua nimepata. Kondakta aliikalia njia nzima, imefika imepinda kama kiti chake. Hongera kwa kumaliza shule. Msalimie Bibi, mwambie mguu wangu umepona na viazi vya mwaka huu vimezaa vizuri. Kaka naye asalimiwe.

Kazi haijasimama. Magari ya haibridi, yale ya petroli na umeme pamoja, yameanza kuwa mengi Mbeya, na betri zao kubwa zikifa wenyewe hawana pa kwenda ila kwangu. Seli nzima, zile betri ndogo za ndani yake, naziunga upya. Mbovu nazipasua. Ndani mna bamba nyembamba kama kadi za karata. Naziosha zitoke ile dawa inayochoma mikono, naanika juani kwenye bati, zikikauka watu wa chuma chakavu wanakuja kuzichukua. Wanataka nikeli iliyomo.

Moto ulitokea mchana kweupe. Jiko halikuwa limewashwa, umeme ulikuwa umekatika, mimi nilikuwa dukani kununua misumari. Uani palikuwa na mtu mmoja. Jirani yangu Anyelwisye aliona moshi kwenye bati, akaja mbio na ndoo, akamwaga maji, moto ukaruka juu kama umetukanwa. Ukapanda kwenye magunia mpaka kwenye kibanda. Wewe umesoma, unajua ni moto gani unaoruka ukimwagiwa maji. Moto wa petroli. Na dumu la petroli la jenereta lilikuwa kwa mtu huyo huyo, karibu na mlango wa jiko. Na mtu huyo huyo, wiki ile ile, alisema majirani wakisikia kwamba iko siku atauchoma uchafu wangu wote apate pa kuanika maharage.

Mama mdogo wako anapumzika kwao. Hayo mengine ni mambo ya wakubwa. Wewe subiri matokeo yako na umsaidie Bibi.

Baba yako mdogo,
Anord Kalinga


Mlandege, Iringa
7 Julai 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Nashukuru umenijibu. Bibi amefurahi kuhusu mguu, na amesema viazi havisifiwi kwenye barua, vinatumwa kwenye gunia. Kifaranga mmoja amechukuliwa na kunguru. Waliobaki ni wazima.

Nimeisoma barua yako mpaka nimeikariri. Ulipofika kwenye moto hukuandika jina la Mama mdogo hata mara moja. Uliandika "mtu". Ulimrudishia jina pale tu uliposema anapumzika. Kwa hiyo nimeelewa kwamba hapumziki. Umemfukuza.

Ninajua mimi ni mtoto katika jambo hili. Lakini umeniuliza swali, umesema nimesoma, ni moto gani unaoruka ukimwagiwa maji. Nimeona nijibu. Nilikwenda shuleni kwetu kumtafuta Mwalimu Yotamu aliyetufundisha kemia. Nilisimama nje ya ofisi ya walimu nikishindwa kubisha hodi, mpaka akatoka mwenyewe akauliza nani amenipa adhabu. Nikampa barua yako aisome kipande cha moto, maana kusimulia nisingeweza.

Baba mdogo, bamba moja kati ya yale mawili ya kila seli si nikeli tupu. Ni nikeli iliyochanganywa na madini adimu: lanthani, seri na ndugu zao. Metali hizo zina tabia yao. Betri inapochajiwa, haidrojeni inatoka kwenye maji ya betri na kuingia ndani ya metali yenyewe, inakaa katikati ya chembe zake kama watu wanavyojibana kwenye mabenchi ya kanisa siku ya Krismasi. Metali ikishikana hivyo na haidrojeni inaitwa haidraidi. Inavimba, inapasukapasuka, inakuwa unga laini sana. Ikiwa imelowa haina shida. Ikikauka na kukutana na hewa, inapata moto yenyewe. Haihitaji kiberiti wala petroli.

Na ukiimwagia maji wakati inawaka, metali inayanyang'anya maji oksijeni yao, haidrojeni inayobaki nayo inawaka. Moto unaruka. Anyelwisye hakumwaga maji juu ya petroli. Aliulisha moto bila kujua.

Nakuomba ufanye jaribio. Pasua seli, osha mabamba, yaanike juu ya bati mbali na nyumba, ukae uyaangalie. Weka mchanga mkavu karibu. Usiweke maji.

Mama mdogo hakuchoma kitu. Naandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Evarista


Uyole, Mbeya
28 Julai 2024

Evarista, kamwene.

Sisi wazima. Mvua hakuna, vumbi tele. Kunguru wa Iringa nawafahamu, waambie nao wapelekwe shule.

Nimefanya jaribio lako ili tumalizane. Nilipasua seli, nikaosha bamba, nikaanika kwenye bati asubuhi. Nikamwita Anyelwisye aje aone sayansi ya Mlandege. Tulileta viti tukakaa. Tumekunywa chai, tumekula mahindi ya kuchoma, jua limepanda mpaka limechoka. Bamba zimekaa kama chapati za juzi. Hakuna moshi, hakuna joto, hakuna kitu. Anyelwisye ameuliza kama hiyo haidrojeni yako ilipewa likizo.

Kazi hii nimefanya tangu hujaanza darasa la kwanza. Jaribio nimelifanya kwa utaratibu wangu wote kama nilivyofundishwa. Kabla ya kupasua seli naifunga kwenye taa ya gari, taa inawaka mpaka inafifia na kufa, ndipo napasua. Seli iliyo hai haipasuliwi. Hayo hayamo kwenye vitabu vyenu.

Nimempigia kaka nikamwambia akuambie uache. Mimi nilimuoa Juliana, wewe hukuwepo. Ukimtetea mtu usiyeishi naye unamwongezea aibu, wala humsaidii.

Anord Kalinga


Mlandege, Iringa
11 Agosti 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Bibi hajambo, kifua kimemsumbua kidogo lakini sasa anagombana na watu kama kawaida. Matokeo yametoka. Nimepata daraja la pili, kemia nimepata B. Asante kama ulikuwa unataka kuuliza.

Barua yako Baba aliisoma kwa sauti mezani. Waliposikia chapati za juzi walicheka wote, hata Bibi, ingawa yeye aliziba mdomo na kanga. Kisha Baba akaniambia nisiandike tena Mbeya. Nilitoka nikaenda kukaa kwenye banda la kuku, kwa sababu kuku hawasemi mtu.

Sasa nisikilize, maana nilikaa mle mpaka nikaelewa kitu.

Mwalimu Yotamu aliniambia haidrojeni imo ndani ya metali wakati betri ina chaji. Umeme ukiisha, haidrojeni nayo imetoka, mabenchi yamebaki matupu. Mimi sikukuandikia hilo. Nilidhani unapasua tu. Kumbe taa yako ndiyo inayoitoa. Ulipofanya jaribio ulikausha metali isiyo na kitu, ndiyo maana ilikaa kama chapati. Aliyekufundisha kwamba seli iliyo hai haipasuliwi alikuwa na sababu, ingawa labda hakukutajia.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikaiona taa juu ya vifaranga.

Baba mdogo, taa hii ni yako ya kazi. Bado ina zile nyaya zenye meno ya kubana ulizokuwa ukizifunga kwenye seli nilipokuwa kwenu likizo. Ulitufungia wewe mwenyewe Pasaka, ukasema utatafuta nyingine. Moto ulitokea Mei. Sitaki kujua habari za siku nyingine. Nataka kujua hili moja: siku ya moto, seli zile ulizimaliza umeme kwa taa ipi?

Kama ulikuwa na nyingine, niandikie kwamba ulikuwa nayo, nami nitaomba radhi mbele ya Baba na mbele yako.

Kama hukuwa nayo, fanya jaribio tena kwa mafungu mawili. La kwanza limalizwe kwa taa. La pili lichajiwe vizuri na lipasuliwe hivyo hivyo. Yaanike pamoja kwenye jua moja. Kaa mbali, na mchanga uwe karibu.

Taa naituma na kondakta pamoja na barua hii, ili usiseme umekosa kifaa. Bibi amewahamishia vifaranga jikoni. Alipoona naifungua alinishikia ngazi.

Na jambo la mwisho, uniwie radhi au usiniwie. Nimeinakili barua hii neno kwa neno, na nakala nimemwambia kondakta aishushe Nyololo, kwa Mama mdogo. Ulimsema mbele ya watu. Si haki mimi nimtetee kwa siri.

Evarista


Uyole, Mbeya
22 Septemba 2024

Evarista,

Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na kazi.

Taa ilifika, haikuvunjika.

Sikukupa ruhusa ya kupeleka barua Nyololo. Umenivua nguo ukweni. Nilipoipata habari hiyo nilikaa siku kadhaa nikiandika majibu na kuyachana, na Bibi yako alinipigia simu akasema maneno ambayo hajaniambia tangu nilipouza mbuzi wake nikiwa darasa la tano.

Nilifanya mafungu mawili. Safari hii sikumwita Anyelwisye.

Fungu la taa liko pale pale, unaweza kulifunga kwenye leso. Lile la pili lilikauka, likakaa kidogo, nikaanza kucheka peke yangu. Kisha pembe ya bamba moja ikawa nyekundu kama sigara inayovutwa. Halafu bamba la pili. Gunia nililotandika chini likashika. Mkono wangu ulikwenda kwenye ndoo wenyewe, nikaukumbuka mchanga. Nilimwaga mchanga. Kope zangu za upande mmoja zimeungua, lakini zitaota.

Hujajibiwa swali la taa na sitalijibu kwenye karatasi.

Nilikwenda Nyololo. Baba mkwe, mzee Didas, alinipokea vizuri mno, na ukiona mkwe anakupokea vizuri mno ujue umekwisha. Alinipa kiti, akaniuliza habari za barabara, habari za viazi, habari za kila kitu isipokuwa mke wangu. Mwishoni akasema: "Binti yangu aliletwa hapa na begi lake akiitwa mchoma nyumba. Nataka kujua. Katika ukoo mzima wa Kalinga, nani alisema hakuchoma?"

Mama mdogo wako akajibu kutoka chumba cha ndani, hata hakutoka: "Evarista."

Mzee akauliza huyo Evarista ni nani, mbona hajawahi kumsikia. Nikasema ni mtoto wa kaka, ana haya, hawezi kuongea mbele ya watu. Akasema vizuri. Siku mnapokuja kumchukua, mje na huyo. Ndugu zako wengine wasijisumbue kuongea. Atakayesema kwa upande wenu ni yeye, au hakuna kikao.

Kwa hiyo sasa ni wewe. Nadhani umefurahi.

Anord


Mlandege, Iringa
29 Septemba 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Sijafurahi. Tangu barua yako ifike nimekuwa nikiamka usiku kuisoma tena. Bibi ananipikia uji wa ulezi kama mtu anayepelekwa kuzaa. Pole sana kwa kope. Baba amesoma barua yako kimya kimya safari hii, kisha akaenda nje kurekebisha mlango ambao haukuwa na kasoro.

Nitakuja. Nitashuka Nyololo na Bibi Jumamosi ya wiki ijayo. Lakini kwa kuwa mmenifanya msemaji, nakuandikia mapema nitakachosema, usije ukashtuka mbele ya wakwe.

Nitasema kwamba Mama mdogo hakuchoma, na nitaeleza kwa nini, hata kama nitaanza tena na tena. Nitawaambia kuhusu haidraidi na taa. Nikikwama nitasoma. Wakinicheka watanicheka.

Nitasema kwamba hakusingiziwa Nyololo. Alisingiziwa Uyole, uani kwako, watu wakiwa wamesimama na ndoo zao. Kwa hiyo haitoshi kumsafisha Nyololo ambako wote wanampenda. Utawaita watu wale wale, uani pale pale, na Anyelwisye awepo. Utawaonyesha mafungu mawili, na utajibu lile swali la taa kwa mdomo wako, mimi na Mama mdogo tukisikia. Hukutaka kulijibu kwenye karatasi, vizuri, karatasi nimeiondoa.

Na nitamuuliza Mama mdogo kama anataka kurudi. Sijasikia mtu yeyote akimuuliza hilo, hata mimi. Akisema hataki, Bibi amekubali aje kwetu Mlandege, kitanda changu ni kipana. Akisema anataka, na wewe ukakataa kuwaita majirani, basi pia tutarudi naye Mlandege, na mimi ndiye nitakayebeba begi.

Usinipigie simu kunibembeleza. Kwenye simu huwa nakubali vitu.

Evarista


Uyole, Mbeya
20 Oktoba 2024

Evarista mwanangu, kamwene.

Natumaini mlifika salama na Bibi hakumgombeza kondakta njia nzima. Hapa tu wazima wote wawili.

Mlivyoondoka mapema Jumatatu niliona haya kukuambia, acha niandike. Pale Nyololo sauti yako ilikuwa ndogo, ukaanza tena na tena kama ulivyoahidi. Lakini hakuna aliyekohoa. Amos, shemeji yangu, ambaye hanyamazi hata kwenye msiba, alisogeza kiti mbele ili asikie. Na ulipomuuliza Juliana kama anataka kurudi, nilimwona mzee Didas akiinamisha kichwa. Yeye naye hakuwa amemuuliza.

Hapa uani uliyaona yote mwenyewe, sina la kuongeza. Uliona pembe ya bamba ilivyoiva. Uliona Anyelwisye alivyoruka na ndoo yake, maana mtu mmoja hujifunza polepole, na Mama mdogo wako alivyomwambia, "Weka chini. Mwache amalize kusema." Na nilimaliza. Mteja alikuwa ananisubiri, taa ilikuwa kwenu, nikaona siku moja haina neno, nikapasua seli zikiwa hai. Nilisema hivyo watu wakisikia, na ulimi haukukatika. Rozalia wa duka la mbele, aliyekuwa wa kwanza kutamka petroli, amekuja jana na sahani ya magimbi. Juliana ameyapokea, sahani hajarudisha. Anasema aje kuichukua mwenyewe na maneno yake.

Kunisema bado ananisema, lakini si kuhusu moto. Kuhusu hilo ametaja mara moja tu, akasema mtoto mwenye haya alimpa jina lake na mume akampa "mtu".

Baba yako ameniambia unataka kuomba chuo usome kemia na yeye anasita. Nimempigia. Nimemwambia asisite.

Taa nimeifunga ukutani, juu ya meza ya kazi, na nyaya zake. Hakuna seli inayopita hapo bila kuiwasha. Mwambie Bibi nitamtafutia nyingine ya vifaranga, safari hii nitanunua.

Bamba zangu sasa naanika nyuma ya choo. Juani, kwenye lile bati kubwa, Mama mdogo wako ameanika maharage. Yamelijaza lote, mpaka pembeni. Nimepita hapo asubuhi na beseni langu la bamba mkononi, nikasimama, akaniangalia. Nikazunguka.

Baba yako mdogo,
Anord